Mayai ya Jogoo

Siku ya 21 ikitimia, mashine ya kutotolesha inafunguliwa. Kinachotangulia kutoka ni fukuto lenye harufu ya maganda, kisha kelele za vifaranga. Wafanyakazi wa meza ya kuchambulia hawana muda wa kuwashangaa. Mkono mmoja unachota, mwingine unatenga: wenye manyoya ya kahawia sanduku hili, wa rangi ya siagi sanduku lile. Hakuna anayemgeuza kifaranga kumkagua chini ya mkia. Wa kahawia ni majike, na siku hiyohiyo wataanza safari kwenda kwa wafugaji wa kuku wa mayai. Wa rangi ya siagi ni madume, na hao hawana mteja wa maana.

Ndivyo inavyofanyika kwa aina kama ISA Brown na Lohmann Brown, wale kuku wa kahawia waliozoeleka mabandani. Rangi hizo hazikujitokeza kwa bahati. Wazazi wamepangwa makusudi: jogoo wa ukoo mwekundu anapandishwa kwa koo wa ukoo mweupe. Matokeo yake humshangaza kila anayeyasikia mara ya kwanza, maana binti anachukua rangi ya baba yake na mtoto wa kiume anachukua ya mama.

Sababu iko kwenye kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Kwa binadamu, baba ndiye anayeamua jinsia ya mtoto kwa sababu yeye ndiye mwenye X na Y. Kwa ndege kibao kimegeuka. Jogoo ana Z mbili. Koo ana Z moja na W moja. Tetea yeyote unayemwona uani, W yake kapewa na mama, na hiyo Z moja tu aliyonayo imetoka kwa baba. Jeni ya rangi hizi imekaa kwenye Z, kwa hiyo binti hana kwingine pa kuichukua. Mtoto wa kiume anapata Z kwa wazazi wote wawili, lakini weupe wa mama unaufunika wekundu wa baba.

Reginald Punnett, mtaalamu wa urithi wa Cambridge, aliliona hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Chakula kilikuwa haba Uingereza, naye akashauri madume wa kuku wa mayai watambuliwe kwa rangi ya manyoya tangu wanapoanguliwa, wasije wakamaliza nafaka ya kuku watakaotaga. Muundo wa DNA ulikuja kufumbuliwa mwaka 1953, miaka mingi baadaye. Hata hivyo, alichopendekeza Punnett ndicho wanasayansi wa leo wanachokiita kutumia alama ya kijenetiki: unatazama kitu chepesi kuonekana ili ujue kingine ambacho bado kimejificha.

Jinsia, lakini, ni swali jepesi. Katika vifaranga elfu moja wa kahawia, yupi atataga mayai 320 kwa mwaka na yupi ataishia 220? Wote wanafanana kama punje za mtama. Utasubiri karibu miezi mitano yai la kwanza, kisha mwaka mzima wa kuhesabu.

Na jogoo je? Huyo ndiye kitendawili chenyewe. Hatagi yai hata moja maishani mwake, lakini kila binti yake amebeba nusu ya urithi kutoka kwake, tena zaidi kidogo ya nusu ukikumbuka ile Z, ambayo ni kubwa kuliko W ya mama. Jogoo mmoja anapanda matetea kumi na zaidi. Akiwa na damu mbaya ya utagaji, banda zima linaharibika kimyakimya, na mwenye banda atalaumu chakula.

Wamarekani wa jimbo la Maine waligharimika kulijua hili. Mwaka 1898 kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo hilo kilianza kuwachagua kuku kwa kuhesabu mayai. Walitumia viota vya mtego: koo anaingia kutaga, mlango unajifunga nyuma yake, na anabaki humo mpaka mtu aje asome namba ya mguuni, aandike daftarini na kumwachia. Kazi ya siku nzima, kila siku, mwaka baada ya mwaka. Mama wa kizazi kinachofuata walikuwa wale tu waliofikisha idadi ya mayai iliyohesabiwa kuwa kubwa kwa enzi zile. Busara ya kawaida ingesema wastani wa kundi utapanda.

Haukupanda. Raymond Pearl, aliyefika Maine mwaka 1907, alizichambua zile hesabu za karibu muongo mzima na kukuta kuku bora hawakuwa wamezaa mabinti bora. Idadi ya mayai ya mama peke yake ilikuwa shahidi dhaifu. Koo anaweza kutaga sana kwa sababu ya mwaka mzuri, afya nzuri au kona nzuri ya banda, na hayo hayarithiwi. Pearl akageukia familia: akaanza kuwapima wazazi kwa kazi ya watoto wao, jogoo wakiwemo, na hapo ndipo utagaji ulipoanza kusogea. Alidhani pia kwamba jeni chache tu, mojawapo ikiwa kwenye Z, ndizo zinazotawala mayai. Hapo alikuwa amerahisisha mno, ingawa kumtilia shaka jogoo kulikuwa sahihi.

Kwa karne nzima iliyofuata, wafugaji wa mbegu walimjua jogoo kwa mabinti zake tu. Unamkuza, unampandisha, unasubiri mabinti wakue na kutaga, unahesabu. Hadi ujue kama ni wa dhahabu, jogoo amezeeka au ameliwa.

Watu wengi wa kwetu walilisikia neno DNA kwanza kwenye kesi za kugombea mtoto. Kwa kuku, ukurasa ulifunguliwa Desemba 2004, jenomu yake ilipochapishwa kwenye jarida la Nature. Aliyesomwa alikuwa kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia, jike, ambaye ndugu zake msituni hutaga mayai kumi, kumi na tano hivi kwa mwaka na kuridhika. Jenomu yake ina herufi kama bilioni moja, theluthi moja ya zetu. Watafiti walimlinganisha na kuku wa nyama, kuku wa mayai na Silkie, yule kuku wa China mwenye manyoya kama pamba, wakapata mahali milioni 2.8 ambapo herufi zinatofautiana. Kila mahali hapo panaweza kuwa alama. Baadhi ya herufi zenyewe ndizo zinazobadili utagaji. Nyingi hazina kosa wala sifa. Zimepanda tu basi moja na jeni yenye kazi, zinashuka nayo kituo kimoja kizazi hadi kizazi, na ukiziona unajua mwenzao yupo.

Alama mojawapo inahusu tabia ambayo kila mama anayefuga kienyeji anaijua. Koo anajibandika kwenye kiota na haondoki. Ukimsogezea mkono anavimba, manyoya yanasimama, anatoa sauti ya kukwaruza na kudonoa. Kifuani amejinyonyoa ili ngozi yenye joto iguse mayai. Ameanza kuatamia, na tangu siku hiyo hatagi tena. Siku 21 za kulalia, kisha wiki kadhaa za kulea vifaranga, ndipo arudi kutaga mayai kumi hadi kumi na tano na kujibandika tena. Mikupuo mitatu au minne ya namna hiyo ndiyo inayofanya kuku wa kienyeji wa Afrika Mashariki aishie mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Si mvivu. Muda wake mwingi anautumia kwenye uzazi.

Kinachomweka kiotani ni homoni ya prolaktini, inayotolewa na tezi ndogo chini ya ubongo. Ni homoni ileile inayoleta maziwa kwa mama aliyejifungua. Prolaktini ikipanda na kubaki juu, kifuko cha mayai kinanywea na koo anageuka mlezi. Mwaka 2005 na 2006 watafiti wa China walionyesha kwamba kwenye sehemu ya DNA inayowasha na kuzima jeni ya prolaktini, baadhi ya kuku wana herufi 24 za ziada. White Leghorn, kuku mweupe asiyejua kuatamia, karibu wote wanazo. Silkie na kuku wengine wapenda kulalia, wengi hawana.

Kipimo chake kinachukua saa chache. Mtaalamu anafungua bawa la kuku, anachoma mshipa unaoonekana chini ya ngozi, na tone moja linadondokea kwenye karatasi ya kunyonya. Tone linatosha, kwa kuwa chembe nyekundu za damu ya ndege zina kiini chenye DNA, tofauti na zetu zilizokwisha kukipoteza. Karatasi inakatwa kipande kidogo, kinaingizwa kwenye mashine ya PCR, jina ambalo kila aliyesafiri wakati wa Uviko-19 analikumbuka, na mashine inanakili eneo lile la jeni mamilioni ya mara. Kisha nakala zinamiminwa kwenye vishimo vya bamba la jeli na umeme unawashwa. Vipande vifupi vinakimbia, virefu vinajikokota nyuma. Ukimulika jeli unaona mistari: kipande cha herufi 154 kwa mwenye nyongeza, cha 130 kwa asiyekuwa nayo, na mistari yote miwili kwa aliyepewa tofauti na kila mzazi.

Lililo muhimu ni kwamba jogoo naye anapimwa. Kwenye jeli ile jogoo na koo hawana tofauti. Kwa mara ya kwanza mtu anaweza kumshika kijogoo ambaye hata kuwika hajaanza, na kusema jambo kuhusu namna binti zake watakavyokaa viotani.

Asije mtu akakimbilia maabara na kuku wake kesho. Katika makundi mengine ya kuku alama hiyohiyo ilipimwa na haikuonyesha uhusiano wowote na mayai. Kuatamia kunaongozwa na jeni kadhaa, na alama inayofanya kazi kwenye ukoo mmoja inaweza kuwa imeachana na mwenzake wa safari kwenye ukoo mwingine.

Jeni nyingine ina historia ya kusimulia jioni. Inaitwa TSHR, na miongoni mwa kazi zake ni kuuhusisha mwili na urefu wa siku, ili ndege wazae majira yanapofaa. Mwaka 2010 timu iliyoongozwa na watafiti wa Uppsala, Sweden, iliripoti kwamba karibu kuku wote wa kufugwa waliopimwa wana sura moja ya jeni hiyo, tofauti na kuku-mwitu. Ikadhaniwa ndiyo alama ya siku ile binadamu alipomfuga kuku kwa mara ya kwanza, maelfu ya miaka iliyopita. Mifupa ikakanusha. DNA iliyotolewa kwenye mifupa ya kuku wa kale wa Ulaya ilionyesha kwamba sura hiyo ilianza kuenea kwa kasi miaka kama elfu moja tu iliyopita. Wachambuzi waliochapisha mwaka 2017 waliihusisha na kanuni za kufunga za watawa wa Kikristo, zilizokataza nyama ya wanyama wa miguu minne na kuacha mlango wazi kwa kuku na mayai. Mahitaji yakapanda, na kuku aliyekubali kuishi kwa msongamano na kutaga bila kungoja majira akapendelewa. Kama ni kweli, basi kuku wa leo wamebeba kwenye damu athari za mfungo wa watu wa karne za kati.

Zipo sifa za kuku ambazo jeni moja inazimaliza. Ganda la bluu la kuku wa Araucana wa Chile linatokana na kipande cha kirusi cha kale kilichojichomeka karibu na jeni moja. Sababu hiyo iligunduliwa mwaka 2013. Kishingo, yule kuku wetu mwenye shingo tupu anayestahimili joto, shingo yake imevuliwa manyoya na badiliko moja lililotambuliwa na watafiti wa Roslin, Scotland, na kuchapishwa 2011. Sifa za namna hii unazifuatilia kama mtu anayefuata nyayo kwenye mchanga.

Idadi ya mayai haiko hivyo. Hebu fikiria yanayohitajika ili kuku afikishe 300. Aanze mapema. Yai moja likamilike kwa saa 25 hivi, na si 27, kwa kuwa kila saa ya ziada inasogeza utagaji mbele mpaka siku moja inaruka bila yai. Asiatamie. Mwili wake uhimili kutoa gramu karibu mbili za kalsiamu kwa kila ganda. Kwa mwaka ni zaidi ya nusu kilo, mara nyingi ya kalsiamu yote iliyomo mifupani mwake. Asiugue, asidonolewe na wenzake. Kila kimojawapo kina jeni zake, na kila jeni inachangia kidogo sana. Kwa jumla, urithi unaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti za utagaji kati ya kuku na kuku. Iliyobaki ni chakula, mwanga, maradhi na bahati.

Ndiyo maana wanasayansi wa mbegu wameacha kuwinda jeni moja ya miujiza. Mwaka 2001 Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard walichapisha njia nyingine: soma alama zote zilizotapakaa kwenye jenomu kwa pamoja, kila moja uipe uzito wake hata kama ni mdogo kama punje, kisha jumlisha. Ni kama kuhesabu kura badala ya kumtafuta mzee mmoja mwenye kauli. Kufikia mwaka 2013 kilikuwapo kibao cha kioo kinachosoma alama karibu 600,000 za kuku kwa mkupuo mmoja.

Faida yake inaonekana vizuri kwa majogoo wawili ndugu. Baba mmoja, mama mmoja, wameanguliwa siku moja. Kwa njia ya zamani wanapewa thamani sawa kabisa, kwa sababu wote wanahukumiwa kwa rekodi za dada na mama zao. Lakini kila mmoja alipokea mchanganyiko wake wa jeni za wazazi, na mmoja anaweza kuwa amekusanya mazuri wakati mwenzake kabeba makapi. Kibao kinawatenganisha wakiwa vifaranga. Kampuni ya Hy-Line, iliyoanzishwa 1936 na Henry A. Wallace, ambaye baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani, iliijaribu njia hii kwa kuku wa mayai ya kahawia pamoja na watafiti wa Iowa State. Kipindi cha kupata kizazi kipya cha wazazi kikapungua kwa karibu nusu. Leo mbegu nyingi za kuku wa mayai duniani zinatoka kwenye makundi mawili ya makampuni, EW Group la Ujerumani na Hendrix Genetics la Uholanzi, na lengo linalotajwa ni mayai 500 katika wiki 100 za maisha ya kuku mmoja.

Kuku wa kienyeji wa Shinyanga au Kitui hajaingia kwenye hesabu hizo. Uzito wa kura za alama ulipimwa kwa kuku wa kizungu, kwenye mabanda ya umeme na chakula cha kupimwa. Ukiupeleka kwa kuku wa kienyeji kama kuchi, anayejitafutia wadudu na makombo, hesabu inayumba. Inabidi kuanza upya: kuwapima kuku wa hapa, katika mazingira ya hapa.

Kazi hiyo imeanza kwa upande wa maradhi, kwa kuwa yai halitagwi na kuku aliyekufa. Kuanzia 2013 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilishirikiana na vyuo vya Marekani na Ghana kutafuta alama za kustahimili kideri na joto, wakitumia kuku wa Tanzania kama kuchi na ching'wekwe. Mpango mwingine ulioongozwa na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ulisambaza aina za chotara vijijini Tanzania, Ethiopia na Nigeria, Kuroiler wa India na Sasso wa Ufaransa wakiwemo, ili wakulima wenyewe waseme nani anafaa. Kuroiler anataga mara tatu ya kienyeji, au zaidi.

Lakini haatamii, na hapa ndipo hesabu ya maabara na hesabu ya uani zinapogongana. Kijijini koo ndiye mashine ya kutotolesha. Hali umeme, haharibiki, na analea bure. Ukifuta kuatamia kwenye damu yake utapata mayai ya kuuza, kisha kila mwaka utapanga foleni kununua vifaranga. Kwa mama mwenye koo watano na mtaji usiozidi trei chache, koo anayetaga 60 na kuangua mwenyewe anaweza kuwa na thamani kuliko anayetaga 180. Mpango wowote wa kuboresha mbegu usiomuuliza huyo mama anahitaji lipi, umeanza vibaya.

Wakati huohuo uchaguzi unaendelea kijijini kila mwaka bila kipimo chochote, tena kinyumenyume. Wiki ya Krismasi, au siku mbili kabla ya Idi, nenda stendi yoyote ya mabasi. Majogoo wamefungwa miguu, vichwa vinaning'inia, wale waliokua haraka, wenye kifua kipana. Waliobaki nyumbani kupanda matetea ni wadogo ambao hakuna aliyewataka. Mnunuzi anabonyeza kifua kwa vidole, anatazama upanga wa kichwani kama ni mwekundu, anapunguziwa bei kidogo na kulipa. Hamuulizi muuzaji mama wa jogoo huyu alikuwa akitaga mayai mangapi.